Mtoto wa miezi minne, mistari miwili

Dada uliyeuliza jana usiku: mtoto wa ndugu yako ana miezi minne, mama ana HIV na anameza ARV, dawa za kuizuia, mtoto kapimwa HIV kwa kifaa cha mistari, ikatoka miwili, yaani chanya, na nyumba nzima mnalia. Nimekaa maabara hapa Kisumu miaka 11, na mpwa wangu alipitia hayo hayo.

Kifaa kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, alama kwamba mwili uliwahi kupambana. Swali ni mwili wa nani. Kingamwili ziko aina tano, na iliyowaliza ninyi ni IgG. Ndiyo nyingi kuliko zote katika damu, kama robo tatu, na ndiyo pekee inayovushwa na kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mama akiwa na IgG ya surua, mtoto anazaliwa nayo. Akiwa na ya HIV, vivyo hivyo, hata kama kirusi hakikuvuka. Hupungua nusu kila wiki tatu hivi, lakini mabaki yanaweza kusomeka hadi mtoto akaribie miezi 18.

IgM haivuki. Ni kubwa, kama kingamwili tano zilizoshikana, na ndiyo hutangulia mwili ukivamiwa. Tukiona IgM ya ugonjwa wa rubela kwa kichanga tunashtuka, maana hiyo kaitengeneza mwenyewe. IgA anainyonya, hasa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, ikamlinde utumbo. IgE ni ya minyoo na mzio. Ndiyo humvimbisha binamu yangu midomo akionja tu samaki wa kamongo. IgD iache, haikuhusu leo.

Kwa hivyo mistari ile haisemi mtoto ana virusi, wala haisemi hana. Kipimo cha PCR ndicho hutafuta kirusi chenyewe. Mpwa wangu alitobolewa kisigino, matone yakajaza viduara vitano vya karatasi, ikaachwa ikauke kivulini, ikatumwa. Tulingoja wiki tatu. Mama yake alikuwa akisikia simu ikilia anaigeuza kifudifudi. Ikatoka hasi.

Fungueni kitabu cha kliniki mwone kama PCR ya wiki 6 imeandikwa. Kama haipo, msingoje ile ya miezi 6, nendeni kesho asubuhi. Dawa ya mtoto ya kumkinga na HIV isikatwe, mama aendelee na vidonge na kunyonyesha. Na huyo aliyewasomea mistari akawaacha mlangoni bila maelezo, aliwakosea sana. Mkifika, ulizeni majibu yatarudi lini, na mwache namba ya simu inayopatikana.