Asiyependa moshi si akae kwake?

SWALI: Habari dada, mi nina baa, sasa haya maneno ya kupiga marufuku sigara ndani ya baa naona ni uonevu tu. Baa ni ya watu wazima, pombe yenyewe sio dawa, na asiyependa moshi mlango uko wazi. Isitoshe nshatenga kona ya wavutaji na feni mbili kubwa, kwani haitoshi? Na wateja wakinikimbia je?

JIBU: Kaka, hoja ya mlango ningekubaliana nayo kama humo ndani kungekuwa na wateja peke yao. Mteja anakaa masaa mawili anajiondokea, je yule dada wa kaunta? Anaingia shifti jioni anatoka usiku wa manane, anainama mezani kumwaga majivu mtu anampulizia usoni wala hana habari, akifika kwake nywele, nguo mpaka noti za tipu zinanuka sigara, na yeye havuti! (Bia yako inaumiza ini lako, halimhusu.)

Ndo maana Ireland 2004, nchi ya kwanza kuzuia nchi nzima, sheria yao ililenga sehemu za kazi, pub (baa zao) zikaingia humo humo. Scotland wakafuata 2006, na wahudumu wa baa waliopimwa kule kabla na baada, kikohozi na macho kuwasha vilipungua ndani ya miezi miwili tu.

Feni sasa. Inapunguza harufu, moshi inausambaza, na moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, kadhaa za saratani, WHO wanasema kiwango salama hakipo.

Kuhusu wateja sikudanganyi, baa ya kunywa tu bila chakula inaweza kuyumba mwanzoni, na Uingereza wenye pub wengi mpaka leo wanailaumu sheria yao, ingawa pub zilikuwa zinafungwa hata kabla na bia rahisi za supamaketi nazo zimechangia. Ila ukizuia peke yako ndo utaumia, sheria ikibana baa zote kwa mpigo huyo mvutaji atakimbilia ipi?

We andaa viti nje, mbali na mlango na madirisha maana moshi unarudi ndani, na usimtume mhudumu huko kila dakika kuchukua oda, waje wenyewe kaunta.