Maswali yenu kuhusu wakfu wa familia: nani alipe bili ya umeme?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa asasi zinazoomba ruzuku, chache kwa familia zinazotoa kupitia wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya misaada; wanaousimamia ndio wadhamini. Naanza na ile iliyoniuma zaidi.

SWALI: Sisi ni asasi ndogo inayohudumia wazee wanaoishi peke yao. Wakfu wa familia moja umetukubalia ruzuku ya mwaka mmoja, lakini wadhamini wamefuta kwenye bajeti mshahara wa mhasibu, kodi ya ofisi na umeme. Wanasema fedha zao ni za walengwa tu. Tukubali?

JIBU: Msisaini bado. Waandikieni barua ya ukurasa mmoja inayoeleza mzee mmoja anafikiwa vipi: nani anapokea simu yake, nani anapanga zamu za wanaomtembelea, nani anamlipa dereva na kutunza risiti, na hao wote wanakaa ofisi gani. Kisha waulizeni ni kipi kati ya hayo ambacho mzee huyo anaweza kukikosa na bado akahudumiwa.

Kabla sijaanza kufanya kazi na wanaotoa ruzuku, nilikuwa mtunza hesabu wa asasi kama yenu. Tulikuwa na wafadhili sita, kila mmoja na faili la rangi yake. Bili ya umeme ikifika naitoa nakala sita, na juu ya kila nakala naandika kwa kalamu nyekundu sehemu inayomhusu mfadhili yule. Wawili hawakulipa umeme kabisa. Sehemu yao ilibidi itoke mahali, na mahali penyewe palikuwa mishahara yetu, iliyochelewa karibu kila mwezi. Siku mbili nzima za kila mwezi ziliishia kwenye nakala hizo. Wafadhili walioona wanaokoa fedha za walengwa ndio waliotuongezea kazi ambayo hakuna mlengwa aliyefaidika nayo.

Wapo waliokwisha kulitambua kosa hili. Mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayokusanya na kutathmini taarifa za asasi, yaani GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yaliwaandikia wachangiaji barua ya wazi, yakiwasihi waache kuipima asasi kwa asilimia ya gharama zake za uendeshaji. Na tangu 2020 MacKenzie Scott, tajiri wa Marekani, ametoa mabilioni ya dola kwa asasi bila kuzifungia fedha hizo kwenye mradi. Mpokeaji ndiye anayeamua kama zilipe mishahara, paa au akiba.

Wadhamini wakishikilia msimamo wao, kaeni mpige hesabu. Kama ruzuku itawatoa fedha nyingi kuliko itakazowaingizia, ikataeni kwa heshima. Najua uzito wa neno hilo kwa asasi yenye akiba ya mwezi mmoja. Lakini nimeshuhudia asasi ikifunga milango ikiwa na miradi mitatu inayoendelea, kwa sababu hakuna hata mmoja uliolipa kodi ya jengo.

SWALI: Naomba unitumie orodha ya wakfu zinazotoa ruzuku. Asante.

JIBU: Hapana. Ombi hili huja kila wiki, na kila wiki mwombaji hataji asasi yake inafanya kazi gani. Orodha ya majina bila kujua kila wakfu unatoa kwa nani itakufanya upeleke andiko lilelile la kuomba ruzuku sehemu hamsini na ukataliwe sehemu hamsini. Soma kwanza. Marekani, kila wakfu binafsi hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo iko wazi kwa umma: ina majina ya waliopewa ruzuku na kiasi walichopewa. Kwa England na Wales, rejista ya Charity Commission, mdhibiti wa taasisi za hisani, inaonyesha wadhamini wa kila taasisi, na kwa nyingi utakuta na hesabu zao. Pitia miaka mitatu ya wakfu mmoja. Kama fedha zake zote zimekwenda hospitali na wewe una timu ya vijana, usipoteze muda wako wala wao. Wakibaki watano baada ya kuchuja, hao watano waandikie vizuri.

SWALI: Wakfu fulani umetupigia simu kwamba tumepata ruzuku, ila tulipe kwanza ada ya kushughulikia malipo. Ni kawaida?

JIBU: Ni utapeli. Msilipe, na msiwape namba ya akaunti.

SWALI: Mimi ni mdhamini katika wakfu alioanzisha babu. Shangazi ana jengo na anataka kuukodishia wakfu ofisi kwa bei nafuu kuliko ya soko. Binamu mmoja anapinga. Kwani kuna ubaya gani, ikiwa wakfu unaokoa fedha?

JIBU: Binamu yuko sahihi, na mngemshukuru. Neno lenyewe linatufundisha. Wakfu limetoka kwenye Kiarabu, lina maana ya kusimamisha: mali imesimamishwa, haiuzwi, hairithiwi, hairudi kwa aliyeitoa. Babu alipotia saini hati, fedha zile ziliacha kuwa za ukoo wenu. Nyinyi mnazilinda kwa niaba ya watu ambao wengi wao hamtawajua.

Sheria ya kodi ya Marekani ya 1969 ililiwekea jambo hili mkazo. Chini yake, aliyechangia wakfu kwa kiasi kikubwa, na ndugu zake wa karibu kama watoto na wajukuu, hawaruhusiwi kuukodishia wakfu jengo lao kwa malipo, hata bei iwe ya chini namna gani. Anayetaka kusaidia aliachie bure. Wabunge hawakutaka kumwachia mtu nafasi ya kubishana kuhusu bei ya haki. Nchi nyingine zina taratibu zao, kwa hiyo mwoneni wakili wa kwenu kabla ya yote. Ila hata pale sheria inaporuhusu, shangazi asiwepo chumbani jambo lake linapojadiliwa, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka.

Hukuuliza, lakini kwa kuwa tuko hapo: angalieni pia asasi mnazozipa. Je, yupo mwanafamilia kwenye bodi ya mojawapo? Nimekuta wakfu ambao miaka minne mfululizo uliipa ruzuku kubwa kuliko zote asasi ya mkwe wa mwenyekiti, na hakuna mtu aliyeona haja ya kuandika uhusiano huo popote. Kazi ya asasi ile ilikuwa nzuri. Hata hivyo siku habari zilipojulikana, asasi nyingine zote ziliamini kwamba maandiko yao hayakuwahi kusomwa.

SWALI: Andiko letu limekataliwa bila sababu. Tukate rufaa?

JIBU: Hakuna rufaa. Ombeni maoni kwa barua fupi isiyo na lawama. Na nyinyi wadhamini, mistari miwili ya sababu haiwapunguzii kitu, ilhali mtu amekesha wiki mbili kujaza fomu yenu.

SWALI: Baba ametuachia wakfu. Kaka mkubwa anataka mtaji usiguswe, tutoe faida yake tu. Mimi nataka tuzitoe zote ndani ya miaka 15. Nani yuko sahihi?

JIBU: Fungueni hati. Kama baba aliandika kwamba mtaji ubaki milele, hapo hamna uamuzi wa kufanya bila wakili, pengine na mahakama. Kama hati iko kimya, sikilizaneni.

Kaka yako anaogopa kwamba bandu bandu huisha gogo, na hofu hiyo ina msingi. Wakfu wa kudumu utakuwepo kwa shida ambazo leo hatuzijui. Lakini udumu wake una gharama. Marekani inazitaka wakfu binafsi zitoe kila mwaka takriban 5% ya thamani ya mali zilizowekezwa. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na bado wapo wadhamini wanaokifanya ndicho cha juu. Kati ya kila 100 zinabaki 95 kwenye uwekezaji, huku asasi wanayoifadhili ikimsimamisha muuguzi wake kazi kwa kukosa mshahara.

Julius Rosenwald, aliyetajirika kwa kampuni ya Sears, alilikataa wazo la umilele. Mfuko wake wa 1917 aliuagiza utumie kila kitu ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1932, mfuko ukafungwa 1948. Mradi aliousaidia ulijenga karibu shule 5,000 za watoto weusi kusini mwa Marekani, wakati majimbo yale yaliwatenga na kuwanyima. Jambo ninalotaka mlione kwa karibu ni kwamba wazazi weusi, wengi wao wakulima maskini, waliuchangia ujenzi huo fedha zaidi ya zile za Rosenwald mwenyewe, mbali na kodi walizokuwa wakilipa. Shule ziliitwa kwa jina lake. Chuck Feeney, mfanyabiashara wa Marekani, naye alianzisha wakfu wa Atlantic Philanthropies mwaka 1982, akatoa kwa miaka mingi bila kujitaja, na kufikia 2020 ulikuwa umetoa zaidi ya dola bilioni 8 na kufunga shughuli zake.

Mimi niko upande wako, kwa sharti moja. Mkiamua kumaliza, waambieni mnaowapa ruzuku miaka mitano kabla, na ruzuku za mwisho ziwe kubwa na zisizofungwa, wajenge akiba. Wakfu unaofunga ghafla huondoka na asasi zake.

SWALI: Mradi wetu umekwisha na fedha zimebaki kidogo. Mkurugenzi anasema tuzimalize haraka kabla ya ripoti, la sivyo mwakani tutapunguziwa. Tumeshaanza kutafuta ankara za semina.

JIBU: Simamisheni semina leo. Mwandikieni afisa wa ruzuku: zimebaki kiasi hiki, kwa sababu hii, tunaomba kuzitumia kwa jambo hili. Mara nyingi atakubali, na asipokubali mtarudisha bila aibu. Semina ya kumaliza fedha mkaguzi huijua kwa tarehe zake tu. Kosa la kwanza hata hivyo ni la wakfu unaoadhibu asasi kwa kubana matumizi.

SWALI: Wadhamini wetu wanakuja kukagua kituo cha watoto. Wametuma ujumbe watoto wavae sare, waimbe, na wapigwe picha wakipokea vifaa. Baadhi ya watoto hawataki. Tufanyeje?

JIBU: Watoto wasiotaka wasiimbe, na wasipigwe picha. Semeni hivyo kabla ya siku ya ziara, kwa maandishi, na mtaje kwamba picha inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na ya mtoto mwenyewe. Nilimwona msichana wa miaka kama tisa akirudishwa mara tatu kupokea boksi lilelile la madaftari kwa sababu mpiga picha hakuridhika na mwanga. Mara ya tatu alikuwa ameinamisha kichwa. Picha hiyo ndiyo iliyochapwa kwenye ripoti ya mwaka. Wapangieni wageni wenu saa moja ya kukaa nyuma ya darasa wakati somo linaendelea, kisha nusu saa na walimu, na mhasibu awepo na vitabu vyake. Bili ya umeme iwe juu.