Snapshot zilivyonifungia duka la Mzee

Mzee mmoja muuza vipuri vya magari aliniletea kompyuta iliyokufa, ila kompyuta yenyewe haikumuuma. Kilichomuuma ni programu ya hesabu aliyoinunua enzi za Windows 7. Windows mpya zinaikataa, na ndani yake kuna madeni ya wateja ya miaka na miaka. "Kijana wangu, mimi nirudishie daftari langu tu."

Bahati nzuri diski ilikuwa nzima na CD ya programu alikuwa ameitunza kabatini. Nikamtafutia desktop used, Core i5 ya kizazi cha nne, nikaweka programu ya VirtualBox na ndani yake nikasimamisha Windows 7. Hiyo ndiyo mashine pepe: kompyuta inayoishi ndani ya dirisha la kompyuta nyingine. Mtandao wake niliuzima kabisa, maana Microsoft waliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya usalama Januari 2020, na daftari la madeni halina shida na intaneti.

Ikaenda vizuri miezi minne, kisha simu ikaja: "Imesimama. Haijibu kitu." Nikakuta dirisha limepauka, saa ya ndani imeganda 4:12 asubuhi, na ujumbe kwamba diski imejaa.

Kosa lilikuwa langu. Kila nilipoenda kurekebisha kitu nilipiga snapshot, yaani alama ya hali ya mashine unayoweza kuirudia mambo yakiharibika, nikaziacha hapo, tano nzima. Watu wengi hudhani snapshot ni kama picha ya albamu. Sivyo. Ukishaipiga, faili la diski la awali linaachwa lilivyo, na kila kinachoandikwa kuanzia hapo kinaingia kwenye faili jipya. Ukipiga tena, linaanza jingine juu yake. SSD, ile diski ya kisasa ya kasi, ya GB 240 itavumilia hadi lini?

Nikasema nifute. Kumbe kufuta snapshot ni kuunganisha mafaili, na kuunganisha nako kunataka nafasi! Ikabidi kwanza nihamishie video za kwaya za Mzee kwenye diski ya nje. Cha kushukuru ni kwamba VirtualBox diski ikijaa haiui mashine, inaisitisha tu. Nafasi ilipopatikana nikairuhusu iendelee, ikaanzia pale pale, ankara ikiwa nusu imeandikwa. Tukaimalizia, nikazima mashine, ndipo nikafuta snapshot moja moja huku wateja wakinitazama kwa macho ya kunidai.

Siku hizi napiga moja tu kabla ya kazi ya hatari, na nikiona mambo yako sawa naifuta kabla ya wiki kuisha. Wala usiihesabu kuwa nakala ya akiba, kwa sababu inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, imekwenda nayo. Kila mwisho wa mwezi naizima mashine pepe na kuitoa kama faili moja la OVA, lenye mashine nzima ndani, kwenda diski ya nje, inayolala nyumbani kwa Mzee, si dukani.

Kwa anayetaka kuanza, pesa yako ipeleke kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD kabla ya prosesa. Ukiwa na GB 8, ipe mashine pepe 3 au 4, usizidishe. Ukiinyima kompyuta mwenyeji, ile halisi, inaanza kutumia diski badala ya RAM, na zote mbili zinatambaa. Mimi kwangu niliongeza hadi GB 16 za RAM ya DDR3 ya mtumba na sijajuta. Kori za prosesa nazo usizigawie mashine pepe zote.

VirtualBox ikilalamika kuhusu VT-x, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, usikimbilie kuifuta. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, washa "Virtualization". Kwenye Dell ni F2 wakati inawaka. Bodi nyingi za AMD huiita "SVM".

Umeme ndio ulionisumbua kuliko yote, kwa sababu ukikatika katikati ya kuandika, faili la diski linaweza kuharibika lote. Tukanunua UPS ndogo, betri ya akiba ya kompyuta. Ikianza kulia, Mzee anabonyeza alama ya kufunga dirisha, anachagua kuhifadhi hali ilivyo, anasubiri lipotee. Yeye anaita kuilaza. Umeme ukirudi anaiamsha, anakuta jina la mdaiwa pale pale alipolikatishia.