Mama anangoja dokta, mie napenda labo

Jambo Shangazi. Niko nasoma mambo ya labo hapa Bukavu, ISTM, chuo cha mambo ya afya, namaliza lisansi. Kwetu ni mie wa kwanza kufika iniversite, mama anauzisha samaki sambaza soko la Kadutu na ndizo zinalipa minervali, pesa ya masomo. Majirani wananiita dokta, kumbe mie nataka utafiti, nijue juu ya nini ugonjwa unafanya vile unafanya. Mama anauliza: sasa utatibu nani? Wenzangu wako na wajomba maprofesa, mie sina wa kuuliza. Nianzie wapi?
Msomaji wa Kadutu

Mwanangu, swali la mama ndilo zito, tuanze nalo. Unakumbuka Kamituga 2023, watu wanajaa hospitali na vipele vya mpox? Sampuli zilipopelekwa labo ndipo ikajulikana kirusi kimebadilika, aina mpya kabisa, ile wanaita klade (tawi la kirusi) 1b, na Agosti 2024 OMS, shirika la afya la dunia, ikatangaza hatari ya dunia nzima. Mwambie mama hivyo: kuna mtu alisoma zile sampuli ili daktari ajue anapigana na nini.

Mambo ya wajomba yasikutishe sana. Profesa Muyembe, yule aliyetumwa kijiji cha Yambuku 1976 akachukua damu ya wagonjwa wa Ebola wakati hata jina haikuwa nalo, wazazi wake walikuwa wakulima tu wa Bandundu. Leo INRB yake, kile kituo cha taifa cha utafiti wa magonjwa, iko Kinshasa na iko na labo mpaka Goma.

Sasa wewe. Usiandike barua za "naomba nafasi", hizo watu wamezichoka. Tafuta asistenti anayefanya utafiti, awe wa iniversite, wa hospitali ao wa kituo cha utafiti kule Lwiro, soma artikle yake moja vizuri, halafu muulize kitu kimoja juu yake na umwambie unaweza kusaidia nini. Watakupa kazi ya kuchosha, kuandika rejista, kubandika majina kwenye tyubu, kuangalia friji haijazimika umeme ukikatika, na hapo ndipo wanajua nani wa kumwamini. Kiingereza anza leo, artikle nyingi ziko kwa Kiingereza, na takwimu usizikimbie.

Pesa? Staji mara nyingi hailipi, nisikudanganye. Na diplome yako unaweza kufanya kazi labo ya hospitali huku unatafuta masta, miaka 2, mama naye apumue. Kuna bursa za Ubelgiji zinazolipa masomo na maisha, ila yeyote akikuomba dola ili "akuingize" kwenye bursa, mkimbie. Barua ya asistenti ukiisha kuiandika nitumie kwanza niisome.