Jibu: Je, kijana Mkristo akiwa na shaka amemkufuru Mungu?
Ndugu yangu, umeuliza kama kijana aliyeokoka akijikuta anatilia shaka ufufuo wa Yesu amemkufuru Mungu. Jibu langu ni hapana, ingawa najua wapo watakaokukemea kabla hujamaliza kuuliza.

Tazama habari ya Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyembatiza Yesu katika mto Yordani, lakini alipokuwa gerezani aliwatuma wanafunzi wake wakamwulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Yesu hakumkaripia, aliwaambia wajumbe wale warudi wakamweleze waliyoyasikia na kuyaona, kwamba vipofu wanapata kuona na viwete wanakwenda, na walipokuwa wakiondoka akamsifu Yohana mbele ya makutano. Shaka yake ilipelekwa kwa mhusika mwenyewe, ikajibiwa kwa ushahidi wala si kwa vitisho. Hata Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu aliyesema hataamini ufufuo mpaka aone mwenyewe, na ambaye kwa maoni yangu tumemwonea mno, hakufukuzwa na wenzake.

Kukataa kusikiliza hata jibu linapotolewa ni jambo jingine, na sidhani kwamba ndilo lako, kwani usingejisumbua kuuliza. Endelea kusali, hata kama sala yenyewe ni ile ya yule baba katika Marko 9:24 aliyemletea Yesu mwanawe aponywe, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," kisha usome kwa utulivu 1 Wakorintho 15, ambamo Paulo anawataja waliomwona Yesu baada ya kufufuka, wakiwamo ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, ambao wengi wao, asema, walikuwa wangali hai alipoandika.