Mwanao ni kipa na jina lake halikuitwa

Siku ile tulikaa jikoni tangu saa tatu asubuhi, mimi, mama yake na kijana mwenyewe, kompyuta katikati ya meza kama sinia la chakula. Alikuwa na miaka 15. Timu za ligi kubwa ya vijana ya hoki ya barafu zilikuwa zinachagua wachezaji na majina yalitokea kwenye skrini moja baada ya jingine. Raundi ya tano ikapita, ya saba ikapita. Watoto aliocheza nao tangu wana miaka minane waliitwa, na kila alipoitwa mmoja simu yake ililia, kwa sababu wenzake walikuwa wanapongezana kwenye kundi. Kwenye saa nane mchana akasema, "Baba, zima tu." Nikazima. Chai aliyotuwekea mama yake ilikuwa imeshapoa, hakuna aliyeigusa.

Naandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu aliyeko Edmonton, Calgary, Minneapolis au popote penye baridi hii, ambaye mtoto wake ameingia kwenye hoki ya barafu na hana wa kumuuliza. Mimi nimekulia Tanga. Kwenye chandimu letu, golini aliwekwa mdogo kuliko wote, au yule asiyejua kupiga mpira. Mwanangu aliponiambia anataka kudaka, nilimbembeleza karibu mwezi mzima awe mshambuliaji. Nilikosea, na nashukuru hakunisikiliza.

Kwanza tuelewane kuhusu huo uchaguzi. Wenyewe wanauita drafti, ila hauhusiani na drafti yetu ya vizibo vya soda pale kijiweni. Kila mwaka timu zinapeana zamu kuchagua vijana, na timu ikishakuchagua, haki ya kukusajili ni yake. Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina timu 32 na raundi saba, kwa hiyo yanaitwa majina kama 224 kutoka dunia nzima. Ligi za vijana nazo zina drafti zao, na watoto wanaanza kupimwa wakiwa hata ndevu hawajaota.

Sasa fikiria nafasi za kipa. Kila timu inasafiri na makipa wawili, na anayecheza ni mmoja. Timu 32 mara mbili ni viti 64 tu. Beki akichemka anapumzishwa dakika mbili na kurudi. Kipa akikosa namba anakaa benchi mwezi mzima. Halafu kumpima kipa kijana ni kazi ngumu mno. Katika mashuti 30, akidaka 27 amecheza mechi ya kawaida, akidaka 28 watu wanamsifu. Tofauti ni paki moja, kile kisahani cheusi cha raba, na huenda ile iliyoingia ilimgonga mwenzake kwenye kiatu. Zaidi ya hapo, kipa hukomaa taratibu. Mwili unarefuka, nyonga zinazoea kushuka na kuinuka, jicho linajifunza kusoma mchezo kabla haujatokea. Wengi hawajawa wao wenyewe mpaka wafike miaka 23 au 25. Msaka vipaji anaulizwa amtabirie mtoto wa 18.

Ndiyo maana wanakosea sana. Mwaka 2000 aliyechaguliwa wa kwanza kabisa alikuwa kipa, Rick DiPietro, na majeraha yakamla sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo. Katika drafti hiyohiyo, Msweden Henrik Lundqvist aliitwa wa 205. Huyo alishinda mechi 459 akiwa na New York Rangers na leo yumo kwenye Ukumbi wa Magwiji. Na huyo angalau aliitwa.

Mtu ninayetaka umjue ni aliyekaa benchi nyuma ya Lundqvist. Cam Talbot ni mtoto wa Caledonia, Ontario. Hakuna timu ya NHL iliyomchagua, wala chuo kikubwa hakikumgombania. Akaenda kudaka chuo cha Huntsville, Alabama. Ukimwambia Mkanada yeyote kwamba mtu amekwenda Alabama kucheza hoki ya barafu atadhani umekosea jina. Mji ule unajulikana kwa maroketi ya anga za juu. Lakini kule alipata kitu ambacho mashabiki wa mpira wanakijua thamani yake: namba. Alicheza. Mwaka 2010 aliibeba timu ile hadi kwenye mashindano ya taifa ya vyuo, na Rangers wakampa mkataba akiwa na miaka 22.

Mkataba haukumpeleka moja kwa moja kwenye taa kubwa. Alipelekwa kwenye timu yao ya daraja la pili kule Hartford, akasota, na mechi yake ya kwanza ya NHL aliidaka Oktoba 2013, akiwa na miaka 26. Mapema 2015 Lundqvist alipigwa na paki shingoni, akakaa nje wiki kadhaa, na Talbot akashika lango kana kwamba alikuwa pale siku zote. Majira yale ya joto Edmonton Oilers wakamchukua. Msimu wa 2016–17 alicheza mechi 73 kati ya 82, akashinda 42, rekodi ya klabu, na mji wetu ukaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006. Mwanangu alikuwa mdogo, tukimtazama pamoja kwenye televisheni, wala hatukujua kwamba yule mtu hakuwahi kuitwa na yeyote. Nilikuja kulijua hilo usiku wa ile siku ya kompyuta, nikitafuta cha kumwambia mtoto. Nilimwamsha.

Nikajifunza kitu kingine ambacho hakuna kocha aliyeniambia. Aliyechaguliwa ana mwenyewe. Asiyechaguliwa ni mchezaji huru, na akianza kutakiwa, yeye ndiye anayechagua. Anaweza kuuliza: mna makipa wangapi? Aliye mbele yangu ana umri gani? Mkataba wake unaisha lini? Kocha wa makipa ni nani, na anakuja mazoezini mara ngapi? Sisi tuliuliza maswali hayo. Timu moja ya mjini ilimtaka awe kipa namba tatu, jezi nzuri, jina kubwa. Nyingine ilikuwa mji mdogo, mwendo wa saa tatu kwa gari kaskazini, ikaahidi nusu ya mechi. Mama yake hakutaka kabisa mtoto akaishi kwa watu. Tuligombana, siwezi kuficha. Mwishowe alikwenda mji mdogo, akapangishwa kwa familia mwenyeji, na Ramadhani ya kwanza yule mama mwenyeji aliamka alfajiri kumpashia daku. Tangu hapo mke wangu anampelekea maandazi na kumwita dada.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningekuwa na mmoja tu ningetoa huu: mpeleke atakapocheza. Kipa wa benchi ni kama mpishi asiyeruhusiwa kuwasha jiko.

Shule asiiache. Ed Belfour, mtoto wa Carman, Manitoba, naye hakuchaguliwa. Alikwenda Chuo Kikuu cha North Dakota, akatwaa ubingwa wa vyuo 1987, Chicago wakamsajili mwaka huohuo, na msimu wa 1990–91 alishinda mechi 43 na tuzo ya kipa bora. Chuo kilimpa muda wa kuonekana. Zamani ulilazimika kuchagua, kwani aliyecheza ligi kubwa za vijana za Kanada alifungiwa mlango wa hoki ya vyuo vya Marekani. Tangu Agosti 2025 mlango huo uko wazi. Barua pepe kwa makocha wa vyuo aziandike mtoto mwenyewe. Zangu nilizowaandikia hazikujibiwa hata moja. Zake mbili zilijibiwa.

Pesa. Vifaa vya kipa ni ghali kuliko vya mchezaji yeyote, na mtoto anavizidi kimo kila mwaka. Nunua mtumba bila aibu, isipokuwa kofia ya uso na kinga ya kifua. Na jihadhari na simu. Wiki ileile ya majonzi alinipigia mtu akisema atapeleka video ya kijana kwa timu kumi, nimlipe kwanza. Nilikaribia kumtumia. Mzazi mwenye uchungu ni rahisi kutapeliwa.

Lazima niseme na upande mwingine, maana sitaki kumuuzia mtu ndoto. Wengi wasiochaguliwa hawafiki. Hata anayefika anaweza asipate yote: Curtis Joseph, ambaye pia hakuchaguliwa, alishinda mechi 454 na hakuwahi kubeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL. Ila Sergei Bobrovsky amelibeba mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, akiwa na Florida. Huyo ni mtoto wa Novokuznetsk, Siberia. Drafti zilipita, yeye akiendelea kudaka kwao mpaka Philadelphia walipomsajili 2010. Miaka miwili baadaye wakamwachia aende Columbus wapewe nafasi za drafti, na mwaka wake wa kwanza huko akawa kipa bora wa ligi. Moja ya nafasi zile waliitumia kumchagua kipa kijana, Anthony Stolarz. Florida ilipotwaa kombe 2024, Bobrovsky alikuwa golini na Stolarz alikuwa msaidizi wake. Hadithi hii nimeisimulia nyumbani kwetu mara nyingi mno, sasa mwanangu ananimalizia.

Ana miaka 19. Hajaitwa na NHL, na sijui kama ataitwa. Jumamosi iliyopita alifungwa matano. Alinipigia akiwa ndani ya basi, usiku, wenzake wamelala, akanong'ona kwamba anataka tuzungumzie goli la tatu. Yale manne mengine ameshayaelewa. Tulilizungumza dakika ishirini, alikuwa amesimama wapi, kwa nini goti la kushoto lilichelewa kushuka. Kisha mtandao ukakatika barabarani. Jumanne anadaka tena, na maandazi yako tayari.