Chaja Imechomekwa, Betri Haipandi

SWALI: Laptopu yangu imekwama kwenye asilimia 7. Taa ya chaja inawaka, na kioo kinaandika imechomekwa lakini haichaji. Nikichomoa tu, inazima papo hapo. Ninunue betri mpya?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Taa hiyo inathibitisha tu kwamba chaja inapata umeme, si kwamba betri inaupokea. Hiyo chaja ni yake ya asili? Mimi niliwahi kununua betri bure kabisa, kumbe nilikuwa natumia chaja ya kaka yangu. Zote zilikuwa za volti 19, ila yake ilitoa wati 45 na mashine yangu ilitaka 65. Iliwaka vizuri tu, betri ikabaki na njaa. Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja, ulinganishe na ya chini ya laptopu.

Yakilingana, zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha vyote uwashe. Wakati mwingine mbinu hii ya kizembe humaliza tatizo bila fundi.

Bado haichaji? Tikisa taratibu plagi inayoingia kwenye laptopu. Chaji ikija na kupotea, tundu limelegea au waya umekatikia ndani.

Yote yakishindikana, hapo ndipo betri ilaumiwe. Ila ukiona tumbo la laptopu limevimba, zima na uache kuchaji leo hii. Betri hiyo usiiminye wala kuitoboa.